Njia ya Kambare

Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo ndani yake, basi ulimi huu ukauke kama gundi iliyosahauliwa wazi, na meno yangu yaliyobaki, ambayo hayatoshi hata kuitisha mkutano, yahamie kwa mtu anayejua kuyatunza. Nimeapa. Anayetaka kiapo kikubwa zaidi aje na chake.

Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Shule niliiacha mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili, nikaenda kusomea kiwandani. Kila kitabu kilichochapwa mji huu kilipita mikononi mwangu kabla hakijawafikia wenye miwani. Ila kitabu hakitoki mashineni kizima. Hutoka kwanza karatasi moja pana yenye kurasa kumi na sita, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisoma wakati wino unakauka. Ikija karatasi ya pili, msimamizi naye kashafika na kelele zake. Kwa hiyo najua mwanzo wa kila elimu chini ya jua. Najua magonjwa yanavyoanza, vita vinavyoanza, ndoa zinavyoanza. Namna vinavyoisha huwa najitungia mwenyewe, na hajatokea mtu kulalamika.

Isipokuwa mmoja, binti wa dada yangu. Alipokuwa mdogo, dada alikuwa akienda kazini ananiachia nimwangalie, nami nikimlisha hadithi. Mtoto akawa na tabia mbaya ya kusikiliza. "Mjomba, lakini jana ulisema..." Ikabidi tuwekeane sheria: akinikamata na uongo, nalipa, na malipo ni kukitenda kile kile nilichokisema. Nilimwambia siku moja kwamba sisi wa kiwandani tulikuwa tukilala wima kama farasi. Dada aliporudi alinikuta nimesimama nyuma ya mlango wa jiko, macho nimefumba, na mtoto ameketi kwenye kigoda ananilinda.

"Usimwamshe, mama," akasema. "Anatumikia."

Mtoto huyo sasa ni mwalimu wa chuo, daktari wa historia. Historia yake si ya wafalme na mapanga. Anasoma watu walivyoitendea ardhi, na ardhi ilivyowalipa. Chuo kilimpa kitengo. Neno ni kubwa, lakini kitengo chenyewe ni chumba kimoja, meza moja, na kiti ambacho mgeni akikikalia mwenyeji husimama. Hata hicho Mkuu wa Chuo alikuwa amekitolea macho. Alimwambia wazi: fanya kongamano lako. Likinipa kitu cha kuonyesha, kitengo kinabaki. Lisiponipa, chumba kinakuwa stoo ya viti vibovu.

Basi mpwa wangu akaalika wataalamu wa kila namna waje walizungumzie bwawa lililo nyuma ya chuo. Bwawa lenyewe si la kuandikiwa barua nyumbani: maji ya rangi ya chai, matete, vyura wasiojua zamu. Lakini alisema kila mtaalamu atalitazama kwa jicho la elimu yake, kisha macho yote yawe jicho moja. Nikamwambia jicho kubwa kiasi hicho litatisha watoto. Hakucheka.

Asubuhi ya kongamano akaja kwangu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, viatu vya heshima mguuni, uso wa msiba.

"Mjomba, nimekwama. Yule mzee anayekaa jirani na bwawa amekaukwa na sauti. Alikuwa azungumze kipindi cha Kumbukumbu za Mkazi, na Mkuu wa Chuo anaingia kipindi hicho hicho. Siwezi kumwonyesha kiti kitupu."

"Mimi ni mkazi."

"Unakaa upande wa pili wa mji."

"Na mji bila upande wa pili ungekuwa nini? Ukuta."

Akashika kichwa. "Nisikilize. Kiwanda chenu kilikuwa karibu na pale. Zungumza uliyoyaona: mvua, wino, karatasi zilizolowa. Hayo yanatosha. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Utaweza?"

Nikalijaribu neno lile mdomoni bila kulitamka. Lilikuwa na ladha ya dawa ya minyoo.

"Mjomba."

"Nitaweza."

Akanipa kijitabu cha kongamano, kimeandikwa ratiba na ufupisho wa kila mada. "Kisome chote. Mpaka mwisho. Hasa mwisho."

Nilisoma karatasi ya kwanza. Mazoea yana taabu.

Ukumbini niliketishwa mbele, kando ya chupa ya maji ambayo kila mtu aliitazama na hakuna aliyethubutu kuifungua. Mpwa wangu akanionyesha wakubwa kwa kidevu. Yule mwembamba mwenye shingo ndefu ni mtaalamu wa samaki. Mimi nilimbatiza Bwana Mapezi papo hapo. Yule mama mwenye mwavuli ndani ya nyumba anasoma mvua za zamani, akawa Mama Mvua. Yule mnene aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kabla mtu hajasema ni Daktari wa Mila. Na kule nyuma alikuwako mwanafalsafa, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuliza kama bwawa lipo kweli au tumezoea tu kulisema.

Wakabishana. Huyu anasema asili ni nini kwanza, yule anasema tusiseme "asili," tuseme "mahusiano," wa tatu anasema "mahusiano" ni neno la watu wa ndoa. Hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Nikaukumbuka ule msemo wa nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto naye ana ndevu, sasa ni nani wa kumwamkia mwenzake.

Mkuu wa Chuo akaingia na simu yake, akaketi mstari wa kwanza. Zamu yangu ikafika.

Naapa tena, nilianza na ukweli. Nikaeleza jinsi karatasi inavyovuta unyevu, kurasa zikajikunja kama majani ya mgomba, kazi ikarudiwa. Ukweli mtupu, tena wenye manufaa. Mkuu wa Chuo akapiga mwayo. Si mwayo wa adabu, wa kufunika kwa kiganja. Huu ulikuwa mwayo wa kiboko, nikaona mpaka kidaka tonge. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa amesimama ukutani, anautazama mwayo ule kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma picha ya kifua. Nikaviona viti vibovu vinaingia chumbani kwake kimoja kimoja.

Kichwani mwangu ile nyumba ya kambare ilikuwa bado haijafunga mlango. Kambare akatoka mwenyewe.

"Lakini yote hayo," nikasema, "yalikuwa kabla hatujamsikiliza yule kambare wa bwawani."

Mwayo ukafungwa katikati.

"Alikuwa kambare jike, mnene kama mto wa kulalia, ndevu zake ungeweza kuzisuka. Tulimwita Bibi. Mvua ikikaribia anatoka majini, anajikongoja kwa mapezi yake mpaka mlangoni kwa kiwanda, anaugonga kwa mkia. Sisi tunaingiza karatasi ndani. Hakukosea hata siku moja, tofauti na redio. Na kazi ikiisha, mimi ndiye niliyekuwa nikimrudisha. Nilimbeba mikononi kama mtoto mchanga, nikaingia majini mpaka mapajani, nikamwachia taratibu."

Mkuu wa Chuo akailaza simu yake kifudifudi juu ya meza.

Hapo ndipo mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaongeza. Nikasema kwa ajili ya huduma hiyo mji mzima ulikubaliana naye: hakuna kumvua, yeye wala ukoo wake, na njia anayopitia isijengwe wala kulimwa. Ikaitwa Njia ya Kambare. Hata mwenye baiskeli alishuka akaisukuma. "Na sisi tuliyakuta hayo kwa babu zetu," nikamalizia, maana uongo usio na babu haufiki mbali.

Bwana Mapezi akasimama. Nikajua nimekwisha.

"Kambare kutembea nchi kavu, hilo halina ubishi," akasema. "Ana namna yake ya kuvuta hewa. Habari ya kugonga milango na kukubaliana na watu si fani yangu. Nawaachia wa mila."

"Makubaliano ya watu na mnyama si jambo geni," akasema Daktari wa Mila, kichwa kikiitikia. "Maadamu wa samaki wameshathibitisha upande wao. Ya mvua namwachia mama."

"Viumbe wengi huhisi hewa ikibadilika," akasema Mama Mvua. "Mzee, ilikuwa mwaka gani hasa?"

"Mwaka ule wa mafuriko."

"Yale makubwa?"

"Makubwa kabisa."

"Inakubaliana na takwimu zetu," akasema, akaandika. Na mji gani duniani usio na mwaka wa mafuriko makubwa?

Nikaona jinsi wenzetu wanavyofanya kazi. Kila mmoja alikikagua kipande chake, akakikuta kizima, akampasia jirani. Hakuna aliyeona kwamba samaki mzima ni kazi yake. Ni kama gari lililokaguliwa na mafundi watatu, huyu magurudumu, yule taa, yule honi, likaruhusiwa kuondoka bila injini.

Mwanafalsafa akauliza, sauti imejaa machozi ya elimu, kama si Bibi aliyekuwa amelifuga lile kundi la wapiga chapa. Wakapiga makofi. Tulipotoka kwenda kula, Njia ya Kambare ilikuwa imeshaitwa mtazamo, kisha nadharia, na wawili walikuwa wanagombea nani ameianzisha.

Mpwa wangu akanivuta nyuma ya nguzo.

"Mjomba. Yule samaki."

"Kambare."

"Alikuwepo?"

"Kambare wapo."

"Sijakuuliza kama wapo. Kijitabu ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mwanzo wake, mwanangu, ni mzuri sana."

Angenitukana ningepona. "Mada ya mwisho ni ya kwangu," akasema, akaenda zake, viatu vya heshima vikigonga sakafu.

Nikakifungua kijitabu pale pale, kwa mara ya kwanza kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho, chini ya jina lake, ulisema hivi: utafiti wake wa miaka umegundua kwamba kabla chuo hakijajengwa, bwawa halikuwepo. Palikuwa uwanja mkavu. Shimo lilichimbwa na wafyatua matofali ili kujengea chuo, kisha likajaa maji.

Nguzo ile ilikuwa baridi, nikaiegemea. Sikuwa nimewadanganya wageni tu. Nilikuwa nimemfugia samaki mpwa wangu katikati ya ugunduzi wake, mahali ambapo yeye alikuwa na ushahidi kwamba hapakuwa na hata tone. Na mimi nilikuwako kiwandani miaka ile. Niliwaona wafyatua matofali kwa macho yangu. Hayakunijia kichwani kabisa, kwa sababu hayakuwa na ndevu.

Nikaenda kumtafuta Mkuu wa Chuo nimwambie. Nilimkuta ngazini, simu sikioni, amejaa kama kishada.

"Anatabiri mvua, Mwenyekiti," alikuwa akisema. "Hapa hapa kwetu. Bodi nzima? Bila shaka, karibuni sana."

Nikarudi kinyumenyume.

Mchana ule ukumbi ulijaa, maana nilikuwa nimewaamsha. Mpwa wangu akapanda jukwaani. Akapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Alikuwa na njia mbili, nami nilizijua zote. Akinyamaza kuhusu kambare, kitengo kinapona na kazi yake ya miaka inakufa. Akisema, kazi inapona, na Mkuu ananyang'anywa samaki wake mbele ya watu. Nikaomba moyoni anyamaze. Nakiri nilimwombea vibaya.

Akabonyeza kitufe, picha kubwa ikatokea ukutani.

"Huu ndio uwanja ulio nyuma yetu, mwaka chuo kilipoanza kujengwa," akasema. "Wale ni wafyatua matofali, na hilo ndilo shimo lao, bado halijafika magotini. Nyuma kabisa mnaona kiwanda cha chapa, kinafanya kazi miaka mingi kabla ya hapo. Kati ya kiwanda na matofali tazameni wenyewe kama kuna bwawa."

Tukatazama. Palikuwa vumbi.

"Na pale mlangoni kwa kiwanda," akaendelea, sauti imepungua, "kuna kijana mwenye aproni ya wino. Wenzake wamemzunguka, wameacha kazi."

Sikuhitaji miwani. Nilikuwa mimi, nina nywele, mikono imetanuliwa kama mtu anayeonyesha ukubwa wa kitu, na mdomo wazi.

"Kwa hiyo hapakuwa na babu aliyekubaliana na kambare," akasema mpwa wangu. "Samahani, Mjomba."

Ukivuliwa nguo, chutama. Nikachutama kitini. Ukumbini ukaanza mnong'ono. Bwana Mapezi alidhani wa historia wamehakikisha bwawa lilikuwepo. Daktari wa Mila alidhani wa samaki wamemhakikisha samaki mwenyewe. Mama Mvua alidhani yeye aliulizwa mvua tu.

"Yote haya yako kwenye kijitabu," mpwa wangu akawaambia kwa upole uliouma kuliko kofi. "Ukurasa wa mwisho."

Ikasikika sauti ninayoipenda kuliko zote, ya kurasa nyingi zikifunguliwa pamoja. Kumbe kila mmoja alikuwa amesoma ukurasa wenye jina lake. Mimi angalau nilisoma kumi na sita.

Mkuu wa Chuo akasimama. "Kwa hiyo, Daktari, kitengo chako kimenionyesha shimo."

"Ndiyo, Mkuu. Ofisi yako ndiyo iliyotoka humo. Kuta hizi zote ni bwawa lile, ila limegeuzwa ndani nje."

Akaugusa ukuta kwa kidole, bila kujijua. "Na samaki?"

"Shimo lilijaa mvua. Matete yakaja, vyura wakaja kwa miguu yao. Kama kambare naye alikuja, kwa njia gani, na kama yumo, mimi sijui. Hapa hakuna anayejua. Hatujawahi kuingia tukatazama."

Alilitamka neno lile bila kukunja uso, kama anayeomba chumvi. Nikamwonea wivu.

Mkuu wa Chuo akajikuna shingo. "Bodi wanakuja kumwona," akasema taratibu.

"Kumwona nani, Mkuu?"

"Bibi."

Hakuna aliyecheka, na ninawapongeza kwa hilo, maana mimi nilikuwa nimeuma tai ya jirani yangu nisicheke.

"Mtafuteni," Mkuu akasema mwishowe. "Kitengo kibaki mpaka apatikane, au mnithibitishie kwamba hayumo."

"Kuthibitisha kwamba kitu hakipo," mwanafalsafa akasema kutoka nyuma, mara ya kwanza akiwa na furaha siku ile, "kunaweza kuchukua miaka."

"Basi miaka," akasema Mkuu wa Chuo, kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu akiwa bafuni. Akatoka kwenda kutafuta maneno ya kumwambia Mwenyekiti.

Nilichukua kofia yangu. Nikajiambia, mwisho mwema, kitengo kimepona, na bila kambare wangu kingepona wapi? Nilikuwa karibu na mlango.

"Mjomba."

Ilikuwa sauti ya kigoda, ile ile ya nyuma ya mlango wa jiko. Alikuwa ameshuka jukwaani, na wataalamu wote nyuma yake.

"Kumbe mmepata mnachokitaka," nikasema.

"Tumepata. Sasa wewe ulisema ulikuwa ukiingia mpaka mapajani."

"Nilisema?"

"Ulisema, Mzee," akasema Mama Mvua, akifunua maandishi yake. "Mapajani."

"Na ulikuwa ukimbeba kama mtoto mchanga," akaongeza Daktari wa Mila, kichwa kikiitikia.

"Mwanangu, magoti haya si ya mwaka ule."

"Bwawa nalo si la mwaka ule," akasema mpwa wangu. "Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba. Hii yako imeishia majini. Vua viatu."

Basi wakanisindikiza. Sijawahi kupata msafara mkubwa hivyo, na sidhani nitapata tena mpaka ule ambao sitaweza kuusimulia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikakunja suruali, nikashusha mguu. Tope likaupokea kama lilikuwa likinisubiri. Bwana Mapezi akapiga kelele niende polepole nisimtishe. Mama Mvua akataka niseme maji ni ya baridi au vuguvugu. Daktari wa Mila akauliza kama kuna maneno niliyokuwa nikiyasema wakati wa kuingia, nikamwambia yapo, nikayasema, akaacha kuandika. Mwanafalsafa alikuwa amevua soksi, ameketi ukingoni, anapiga maji kwa kidole gumba cha mguu. Nadhani swali lake lilikuwa limejibiwa.

Nilipofika mapajani nikasimama, mikono chini ya maji, nimeikunja kama mtu anayepokea mtoto kwa mkunga. Vyura wakanyamaza.

Na hapo, wenzangu, kitu kikapita katikati ya miguu yangu. Kiliteleza. Kilikuwa kizito, hakina haraka, na nyuma yake, au mbele yake, kitu chembamba kama uzi kikanipapasa upande wa ndani wa goti, kikaondoka.



"Mzee, vipi?" Bwana Mapezi akauliza. "Kuna kitu?"

Maneno yalinijaa. Nilimwona Bibi mzima mzima, ukubwa wake, umri wake, jinsi alivyonitambua. Yalinifika hapa kooni. Kisha nikamtazama mpwa wangu kule ukingoni, kalamu mkononi, anasubiri.

"Sijui," nikasema.

"Sema kwa sauti, Mjomba, wa nyuma hawasikii."

"Sijui."

Akaandika. Akainua macho, akanionyesha kwa kalamu.

"Haya. Sasa jaribu upande wa matete."